Storm wa X-Men: alipokuwa mungu hakuwa na kauli

Swali: Mama mmoja wa Moshi ameniandikia hivi: "Binti yangu ana miaka 13, na siku hizi hazungumzi kingine ila Storm wa X-Men. Anasema Storm ni Mkenya. Kaka yake anambishia kwamba alikulia Kilimanjaro, kwa hiyo ni wetu. Nimekaa nao nikatazama. Kwenye filamu ya zamani Storm anasimama nyuma ya wenzake na kusema maneno mawili matatu. Kwenye katuni mpya ndiye anayetegemewa. Kwenye vitabu alivyoazima kwa rafiki yake, mara ana nywele ndefu hadi kiunoni, mara kanyoa kiduku. Huyu ni mtu mmoja kweli? Nani anambadilisha hivi, na kwa nini? Na je, nimwachie mtoto aendelee naye?"

Jibu: Naanza na hilo la mwisho, Mama: mwachie. Ila ungekaa naye kwenye baadhi ya kurasa, na nitakuambia zipi.

Ni mtu mmoja, lakini amepita mikononi mwa waandishi na wachoraji wengi kwa miaka 50, na kila mkono umeacha alama. Watu hudhani hadithi ya shujaa wa kike ni ngazi: alianza dhaifu, akaimarika kadiri miaka ilivyokwenda. Kwa Storm ngazi hiyo haipo. Alianza juu kabisa, mungu anayeamuru mawingu, na hapo ndipo alipokuwa na kauli ndogo kuliko wakati wowote mwingine. Kwa hiyo nikishika kitabu chake cha mwaka wowote, siangalii amepewa radi kiasi gani. Naangalia nani anaamua mambo yake.

Turudi 1975. Marvel, kampuni ya Marekani ya vitabu vya katuni, ilikuwa na kundi la mashujaa la X-Men tangu 1963, vijana Wamarekani weupe watupu. Mauzo yalikuwa yamezorota hadi kwa miaka kadhaa kitabu kikawa kinachapisha upya hadithi za zamani. Ikaamuliwa kundi lifufuliwe kwa sura mpya kutoka nchi mbalimbali: Mjerumani, Mrusi, Mkanada, Mjapani na wengine, pamoja na mwanamke mmoja kutoka Afrika. Mwandishi alikuwa Len Wein, mchoraji Dave Cockrum. Cockrum alikuwa na michoro ya wahusika kadhaa ambao hawajatumika, akaunganisha sehemu za huyu na za yule, akaongeza nywele nyeupe. Wenzake walihofia mvi hizo zingemfanya aonekane bibi. Yeye akashikilia msimamo wake.

Tazama sasa jinsi Storm anavyoingia. Tupo Kenya, mvua imekataa, na wanakijiji wanamsihi mungu wao. Anatokea mwanamke asiye na nguo ya maana, nywele zimepangwa kwa ustadi pale pale ambapo kanuni za katuni zisingeruhusu jicho lifike. (Kanuni hizo wachapishaji wa Marekani walijiwekea wenyewe 1954, baada ya kelele za wazazi na wanasiasa.) Anaita mawingu, mvua inanyesha. Kisha anakuja Profesa Charles Xavier, mwanzilishi wa X-Men, Mzungu mwenye kipara, na kumweleza kwamba yeye si mungu hata kidogo. Ni mutanti, yaani binadamu aliyezaliwa na tofauti kwenye vinasaba vyake, na ana wajibu kwa dunia iliyo pana kuliko kijiji hicho. Kurasa chache tu, mwanamke amekubali na ameondoka. Wanakijiji hawakuulizwa. Mvua ya msimu uliofuata waliipata wapi, hakuna aliyejali kutuandikia.

Hapo una kila kitu. Nguvu zisizo na mfano, mwili uliowekwa wazi kwa ajili ya msomaji wa kiume, na uamuzi uliofanywa na mtu mwingine aliyekuja na ndege.

Sasa ule ubishi wa watoto wako. Wote wawili wana hoja, kwa sababu waandishi wenyewe walichanganya mambo. Storm, ambaye jina lake ni Ororo Munroe, alizaliwa New York kwa baba Mmarekani mweusi, mpiga picha wa habari, na mama Mkenya anayeitwa N'Dare, ambaye tunaambiwa alikuwa binti wa ukoo wa kifalme. Mkenya yeyote akisoma hapo anakuna kichwa. Jamii nyingi za Kenya hazikuwa na wafalme. Ziliongozwa na wazee na mabaraza. Ufalme unaojulikana zaidi ni ule wa Wanga, magharibi, uliokuwa chini ya Nabongo Mumia, na hakuna dalili kwamba waandishi wa New York walikuwa wakiuwazia. Halafu Kenya hiyo hiyo ya vitabuni inaonekana kumiliki Serengeti na miteremko ya Kilimanjaro. Mpaka wetu, Mama, ulihamishwa bila kikao cha mawaziri. Kwa hiyo binti yuko sahihi kwa nasaba na kijana yuko sahihi kwa jiografia. Marvel pia huorodhesha Kiswahili kati ya lugha anazozijua Storm, ingawa katika kurasa zote nilizosoma hakitumii kwa lolote la maana.

Linaloniuma zaidi ni kwamba watengeneza mvua wapo kweli Kenya, na habari zao ni tamu kuliko za kubuni. Ukoo wa Nganyi, kule Bunyore, umerithishana kazi ya kusoma dalili za mvua kwa vizazi: majani, wadudu, ndege, upepo. Katika miaka ya 2000 wazee hao walianza kukaa meza moja na wataalamu wa hali ya hewa wa serikali, kila upande ukaleta utabiri wake, kisha wakatoa ujumbe mmoja kwa wakulima. Mwandishi aliyefanya utafiti kidogo tu angepata msichana anayefundishwa mvua na babu yake. Tukapewa mungu nusu uchi.

Aliyemwokoa Storm kutoka kwenye sanamu hiyo ni Chris Claremont, aliyeandika X-Men kuanzia 1975 hadi 1991. Miaka 16 na mhusika mmoja ni mingi mno katika biashara ile, na ndiyo maana Storm akapata nafasi ya kukua. Mwaka 1976 Claremont alimpa utoto: familia ilihamia Cairo, na wakati wa vita vya Suez vya 1956 ndege ikaangukia nyumba yao. Wazazi wakafa, naye akabaki amefukiwa kwenye kifusi kando ya mwili wa mama yake. Tangu siku hiyo Storm hawezi kukaa mahali palipobana, anapagawa. Akawa mtoto wa mitaani, mchomoaji hodari wa mifuko, kisha akatembea kuelekea kusini hadi nchi ya mama yake. (Siku hizi Marvel haiutaji tena mwaka 1956. Hesabu ingemfanya awe na miaka zaidi ya 70, bibi wa kweli, na hofu ya wenzake Cockrum ingetimia.)

Mtu anayeogopa chumba kidogo si mungu tena. Mwaka 1980 akakabidhiwa uongozi wa X-Men, baada ya Cyclops, kiongozi wa siku zote, kuondoka na msiba wake. Mwanamke mweusi anaongoza kundi la mashujaa katika kitabu kinachosomwa na maelfu ya vijana wa Marekani, na hadithi haikusimama kumpigia makofi. Alianza tu kazi.

Miaka ya 1983 hadi 1986 nitaikalia kidogo, maana humo ndimo kilimo kiduku.

Kwanza, 1983, Storm anapambana kwa visu na Callisto, kiongozi wa watu wanaoishi kwenye mahandaki chini ya New York. Hatumii radi. Anamchoma kisu kifuani, yeye aliyekuwa ameapa kutoua, na baadaye hajutii jinsi tulivyotarajia. Miezi michache mbele, akiwa Japani na rafiki mpya mkorofi aitwaye Yukio, anatupa joho lake, anavaa ngozi nyeusi na kunyoa kiduku. Paul Smith, mchoraji wa toleo hilo, amewahi kueleza kwamba kiduku kilianza kama mzaha uliowaponyoka mkononi. Mzaha au la, ndani ya hadithi kinauma. Kitty Pryde, msichana wa karibu rika la binti yako ambaye Storm alikuwa kwake kama mama, anamwona, analia na kukimbia. Nakisifu sana kipande hicho kwa sababu kinajua jambo la kweli: mwanamke akibadilika, wa kwanza kulalamika mara nyingi ni wale waliozoea kuegemea bega lake.

Halafu 1984 anapigwa na silaha iliyokusudiwa mtu mwingine, na nguvu zake zote zinatoweka. Mvua haimsikii. Forge, fundi aliyeibuni silaha hiyo, anamchukua nyumbani kwake na kumuuguza bila kumwambia ukweli. Wanapendana. Siku anapogundua nani alitengeneza kilichomvunja, anaondoka kwa miguu yake, bila upepo wa kumbeba. Mchoraji Barry Windsor-Smith alichora hadithi hiyo karibu yote ikiwa watu wawili wanaongea ndani ya nyumba. Hakuna jumba linaloporomoka. Kwa kitabu cha mashujaa cha wakati ule hilo lilikuwa jambo geni kabisa.

Mwaka 1985 anarudi Afrika, mchoraji akiwa yule yule. Anamsaidia msichana mja mzito kufika kwao, na mtoto anapozaliwa bila pumzi, Storm anampulizia hewa kwa mdomo wake hadi analia. Pumzi tu, ya mtu wa kawaida, kutoka kwa mwanamke aliyewahi kuamuru tufani. Ni picha nzuri, nakiri. Lakini kijiji kimebaki kile kile cha ukame, na mzee anachagua kufa ili mtoto apate nafasi, kana kwamba hiyo ni mila ya mahali fulani panapojulikana. Na huu ni mwaka ambao Nairobi, mwezi Julai, ilipokea mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, maelfu ya wajumbe kutoka duniani kote, huku Wangari Maathai akiwa tayari ameanzisha vuguvugu lake la kupanda miti tangu 1977. Storm angeweza kutua Nairobi akakuta wanawake wakijadili maji, ardhi na sheria za ndoa. Hakupelekwa huko.

Mwaka huo huo Marvel ilitoa kitabu maalumu cha X-Men kuchangia waathirika wa njaa Afrika. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo shirika la kwanza lililoombwa kupokea fedha hizo lilikataa kuhusishwa na kitabu, na malalamiko yake mojawapo yalikuwa namna wanawake walivyochorwa. Fedha zikaenda kwa shirika jingine.

Kilele kwangu ni toleo la mwanzoni mwa 1986. Cyclops amerudi na anataka uongozi wake. Ana macho yanayotoa miale ya kubomoa ukuta. Storm hana chochote. Wanaingia kwenye chumba cha mazoezi kuamua kwa pambano. Storm anajificha, anamsogelea, anatumia wepesi wa mwizi wa Cairo, na mwishowe anamvua ile miwani inayodhibiti macho yake. Basi. Cyclops anarudi nyumbani kwa mkewe na mtoto mchanga, Storm anabaki na kundi. Nguvu zake hazikurudi hadi 1988.

Uliuliza nani anambadilisha na kwa nini. Jibu la kawaida ni "harakati za wanawake", na lina ukweli wake, lakini harakati haishiki kalamu. Katika miaka hiyo waliokaa kiti cha mhariri wa X-Men walikuwa wanawake, Louise Simonson na kisha Ann Nocenti. Mhariri ndiye anayeuliza: huyu atavaa nini, atasema nini, mbona amenyamaza ukurasa mzima? Sidhani ni bahati tu kwamba Storm wa kukumbukwa zaidi alipita mezani kwao. Nocenti alirudi 2023 kuandika hadithi fupi ya Storm iliyowekwa katika kipindi kile kile cha kiduku.

Miaka ya 1990 naipita haraka. Wachoraji wa wakati huo walipenda viuno vyembamba na miguu mirefu, na Storm hakuponea. Katuni ya televisheni iliyoanza 1992 ilimfikisha kwa watoto ambao hawakuwahi kushika kitabu, akiwa na vazi jeupe na sauti ya mtu anayehutubia bahari. Anapoita radi anatoa hotuba nzima. Watoto waliipenda hotuba hiyo, hata mimi, lakini ndani yake yule mungu alikuwa ameanza kurudi kwa mlango wa nyuma.

Kisha filamu. Halle Berry alimwigiza Storm kuanzia 2000, na ulichokiona ni sahihi: anasimama nyuma. Hadithi ilimzunguka Wolverine, yule Mkanada wa kundi. Storm alipewa lafudhi ya Kiafrika isiyotambulika ni ya wapi, na filamu ya pili ikaiacha kimyakimya. Kati ya filamu hizo mbili Berry alikuwa ameshinda Oscar ya mwigizaji bora wa kike, 2002, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Hata hivyo ukubwa wa nafasi yake ulibaki jambo la kuvutana.

Kuna kisa alichosimulia mwongozaji Matthew Vaughn mwaka 2023. Alikuwa ameajiriwa kuongoza filamu ya tatu, ile ya 2006. Siku moja ofisini kwa bosi mmoja akaona mswada mnene kuliko wake. Akaufungua: Afrika, watoto wanakufa kwa kiu, Storm anawaletea mvua. Akauliza hii ni nini, akaambiwa ni chambo cha kumfanya Berry atie saini. Akishasaini ukurasa huo utatupwa. Vaughn anasema hilo lilichangia yeye kuondoka. Mimi naona madharau mawili humo. La kwanza kwa mwigizaji. La pili kwetu: miaka 30 baada ya 1975, walipotaka kumpa Storm heshima ya uongo, walichokiwaza ni ukame ule ule.

Filamu za 2016 na 2019 zilimrudisha kijana, mchomoaji wa mifuko wa Cairo mwenye kiduku cheupe, akiigizwa na Alexandra Shipp. Mwanzo ulikuwa mzuri, halafu akaachwa pembeni tena. Mashabiki wengi weusi walilalamika pia kuhusu rangi. Storm wa vitabuni, kwenye kurasa zake bora, ni mweusi hasa, lakini sinema imemchagua mara zote kutoka kwa waigizaji wenye ngozi ya maji ya kunde. Si kosa la waigizaji; wao walifanya kazi waliyopewa. Binti yako atakapouliza, na watoto wa miaka 13 huuliza, usimkwepe.

Lingine la kukaa naye ni ndoa. Mwaka 2006 Marvel ilimwozesha kwa T'Challa, yaani Black Panther, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika. Mbegu ya mapenzi hayo ilikuwepo tangu hadithi ya 1980, walipokutana wakiwa vijana, na ni Storm aliyemwokoa T'Challa, si kinyume chake. Sherehe ilitangazwa kama harusi ya kifalme ya Waafrika wawili, na wasomaji wengi weusi waliipokea kwa furaha ya kweli. Nami nilifurahi. Lakini Storm aliyeongoza X-Men akawa sasa mke wa mfalme ndani ya kitabu cha mumewe. Mwaka 2012 X-Men na Avengers, kundi jingine la mashujaa wa Marvel, wanapigana, Wakanda inagharikishwa, na T'Challa anamjulisha mkewe kwamba ndoa yao imebatilishwa na kuhani mkuu wa ukoo wa Chui. Kuhani mkuu ni yeye mwenyewe T'Challa. Hakuna wazee walioketi, hakuna ndugu wa mke, hakuna hata mshenga wa kuitwa. Kwetu hata talaka ya hasira ina watu wa kuituliza.

Baada ya hapo mambo yalinyooka. Mwaka 2014 alipata kitabu chake mwenyewe cha kuendelea, kikiandikwa na Greg Pak. Hebu fikiria: miaka 39 tangu azaliwe, huku wenzake wa kiume waliomkuta na waliomfuata wamekwisha pewa vyao. Kilidumu matoleo 11 tu. Mwaka 2021 mutanti waliifanya sayari ya Mars makao yao, naye akakabidhiwa madaraka ya huko. Katuni ya X-Men '97, ya 2024, ndiyo uliyoiona: imechukua ile hadithi ya kupoteza nguvu, na Alison Sealy-Smith, aliyempa Storm sauti katika katuni ya kwanza, amerudi na sauti iliyokomaa. Na kuanzia Oktoba 2024 kitabu chake kiliandikwa na Murewa Ayodele, Mnigeria. Karibu miaka 50 kabla ya Mwafrika anayeishi na Afrika kila siku kukabidhiwa kalamu ya mfululizo wake. Nigeria si Kenya, najua, na bado nasubiri mwandishi wa kwetu.

Sasa la vitendo. Kama rafiki wa binti yako ana mikusanyo ya miaka ya 1980, mwache aanze na ile ya 1983 hadi 1986. Ndiyo bora, ingawa ina maneno mengi kwa ukurasa kuliko alivyozoea. Ile ya Greg Pak ni nyepesi kusoma na inamfaa kabisa. Toleo la 1975 lisomeni pamoja, na muulize wale wanakijiji walibaki na nani. Vitabu vya katikati ya miaka ya 1990 avipitie kwa haraka, kwa sababu michoro yake inajali kiuno kuliko hadithi. Vita vya 2012 vinaweza kusubiri hadi afike 15 au 16. Na kaka yake asiachwe nje: kitabu cha pambano la miwani kitamkaa vizuri kuliko anavyodhani.